Kisichoacha Doa

Nyumba yangu Mabawa ni chumba na kibaraza,
cherehani imekaa pale mlango unapopata mwanga.
Mita tisa za satini nyeupe pe
zimelala juu ya meza ya kulia,
kwa hiyo sisi tunakula chini.

Mhina ana miaka miwili na miezi minne.
Hidaya wa jirani ametimiza minne;
mama yake ana genge Mgandini,
humwacha kwangu saa moja asubuhi
na kandambili zake zimegeuzwa, kushoto kulia.

Nimejifunza kwa hasara.
Zambarau: foronya mbili za Bi Sauda, nikazilipa.
Ubuyu: vidole kumi vyekundu kwenye ukuta wa chokaa,
bado vipo, njoo uvione.
Embe usinitajie.
Hata chungwa la Muheza, ulimenye kwa ustadi gani,
maji yake hukitafuta kiwiko, yakashuka nacho,
yakatona pale pale usipotaka.

Siku hizi nachagua chakula kama ninavyochagua kitenge:
nauliza kwanza, kinachuja?

Kiazi kitamu, kile cheupe ndani,
nakichemsha usiku, kinalala, asubuhi kimekaza.
Nakikata vijiti virefu kama kidole changu cha shahada,
mkono mdogo ushike chini, mdomo uanzie juu.
Chapati ya jana, kavu, bila mchuzi,
naikata kwa mkasi. Si huu wa kitambaa!
Atakayekatia chapati mkasi wa kitambaa
nami nakata undugu.
Ndizi kisukari simenyi yote,
nabakiza ganda nusu liwe mshikio.
Yai la kuchemsha, robo robo;
kiini hupukutika, lakini kuku wa jirani hupita kufagia.
Tende inanata. Nimeiahirisha
mpaka nitakaposhona baibui.
Karanga na korosho, hapana,
na hapo sisemei nguo.
Doa hufuliwa. Koo halifuliwi.

Alhamisi akaja Mwantumu kujaribu gauni lake.
Vifungo ishirini na viwili mgongoni,
nikavifunga kimoja kimoja, na kiuno bado kinapwaya.
Nikapima upya. Inchi mbili
zimekwenda wapi tangu wiki iliyopita?
"Chakula hakishuki, fundi."
"Tangu lini?"
Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Sijatafuta jibu, Mhina keshasimama,
kijiti cha kiazi mkononi,
ameing'ata ncha moja, anamnyooshea ile nyingine.
Nikaiona satini. Nikauona mkono wa mtoto.
Nikaiona Jumamosi na shangazi zote wa bwana harusi.
Ukelele ukanikwama.

Mwantumu akaketi mkekani na vazi lote,
likamzunguka kama povu kwenye beseni.
Akala kiazi. Akala chapati, vipande sita,
Hidaya akimsimamia:
"Inama mbele. Mkono mwingine weka chini ya kidevu.
Usicheke una chakula."
Akacheka. Kisha akalia kidogo,
ndizi mkononi, ganda likimshikia.
Sikuuliza kitu.
Futi yangu ya kupimia haifiki huko.

Aliposimama nikamkagua kama afisa forodha:
pindo, mapaja, mikono, kifua.
Chembe moja ya yai kwenye lesi.
Nikaipuliza, ikaenda kwa kuku.

Zile inchi mbili sikuzipunguza.
Nikamwambia, zijaze wewe mwenyewe, una siku mbili,
nikamfungia vijiti vinne vya kiazi
katika kipande cha satini kilichobaki.

Mhina akanuna mpaka adhuhuri.
Vilikuwa vyake.